Kabla ya Kumwambia Mtu "Soma Hiki"

Swali la "nisome nini?" huulizwa na watu wa aina mbili: aliyemaliza kitabu juzi na bado ana hamu, na yule ambaye hajafungua riwaya tangu mtihani wa kidato cha nne. Cha ajabu, wote wawili hupewa jibu lilelile: anza na Shaaban Robert. Wa kwanza pengine atanufaika. Wa pili ataletewa Kusadikika (1951), atakutana na nchi inayoelea angani, watu ambao majina yao ndiyo tabia zao, kina Majivuno na Karama, na sentensi ndefu zilizopangwa kama hotuba ya mzee barazani. Kufikia kurasa kumi atakuwa anajiuliza maudhui ni yapi na mbinu za sanaa ni zipi, maana ndivyo alivyofundishwa kusoma. Atakifunga, na kuanzia hapo atawaambia watu kwamba riwaya za Kiswahili ni ngumu.

Kitabu hakina kosa hapo. Aliyependekeza ndiye aliyeangalia ukubwa wa jina la mwandishi bila kumwangalia aliyeuliza.

Kabla ya kutaja jina la kitabu chochote, muulize mtu maswali matatu. La kwanza: kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi? Usimuulize anachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hapo watu hujibu kwa heshima zao. Watataja walichotakiwa kukipenda. Alichokimaliza ni ushahidi. La pili: ni kipi ulichokiacha njiani, na ulikiachia wapi? Aliyeacha kurasa za mwanzo alishindwa na lugha au na mwendo wa hadithi. Aliyeacha katikati alichoka na wahusika. Aliyeacha karibu na mwisho mara nyingi alipata kazi, mtoto, au msiba, na huyo hana shida yoyote na usomaji. La tatu: unasoma saa ngapi, na wapi? Anayesoma kwenye daladala au matatu, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, anahitaji sura fupi na wahusika wachache. Anayesoma usiku kabla ya kulala usimpe Kichwamaji, nitaeleza baadaye.

Majibu hayo yakishapatikana, taja kitabu kimoja na kingine cha akiba. Basi. Orodha ya vitabu kumi huonekana ya ukarimu, lakini anayepewa kumi huhifadhi ujumbe ili "aje kuangalia", na huko unakaa.

Kwa mtu ambaye shule ilimkatisha tamaa, chaguo langu la kwanza ni hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kuna maiti, kuna watu wanaosema uongo, kuna Msa mpelelezi na kiko chake, na kuna rafiki yake Najum ambaye huwa nyuma hatua moja kama msomaji mwenyewe. Anayesoma hana nafasi ya kutafuta maudhui kwa sababu anamtafuta muuaji. Tatizo lake ni moja na liseme mapema: Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, na msomaji wa Dodoma au Nakuru atakutana na maneno asiyoyajua karibu kila ukurasa. Mwambie asifungue kamusi. Aendelee tu, apige mstari kwa penseli chini ya maneno yasiyozidi matano kwa sura, na ayatafute baada ya kumaliza sura, katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA. Anayesimama kila mstari hupoteza uzi wa mauaji, na hadithi ya upelelezi ikipoteza uzi haina kingine cha kumshikia msomaji.

Kama hata hiyo ni nzito, wapo Elvis Musiba na Willy Gamba wake, au Ben Mtobwa na Joram Kiango. Kuna watu wazima wanaona haya kupendekeza vitabu hivyo kwa sababu havikuwa "fasihi" darasani. Haya hiyo haina faida kwa mtu yeyote. Riwaya ya kijasusi inayomfikisha msomaji ukurasa wa mwisho imemfundisha kitu ambacho Kusadikika iliyoachwa ukurasa wa kumi haikuweza kumfundisha.

Anayetaka hadithi ya maisha, yenye mapenzi na historia ndani yake, apewe Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999). Hapa nikae kidogo, maana ndicho kitabu kinachopendekezwa kwa maelezo mabaya kuliko vyote. Utasikia mtu anasema: "Kinahusu harakati za kupigania uhuru Zanzibar." Ni kweli, na ni maelezo yanayofukuza watu, kwa sababu yanasikika kama somo la uraia. Kitabu hakianzi na harakati. Kinaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali sana, naye hamtaki. Anatoka kwenye nyumba hiyo, familia inamkana, na anapokelewa mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, na Mwajuma, mwanamke anayeishi kwa siku aliyonayo. Denge, mwanaharakati ambaye Waingereza wanamwinda, anaingia kupitia mlango huo wa mapenzi na urafiki. Siasa inamfikia msomaji kwa kuwa inamfikia Yasmin. Kwa hiyo unapokipendekeza, sema habari za Yasmin. Ongeza kwamba kuna ulevi, kuna wanawake wanaouza miili yao, na kuna mateso ya polisi, ili anayetaka kumpa mtoto wa miaka kumi na mbili ajue. Na kama mtu ameona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, mwambie asikiache kitabu kwa kudhani anakijua. Filamu imechagua uzi wake, kitabu kina watu wengi zaidi na mizaha mingi zaidi.

Kuna kanuni rahisi ya kusimulia kitabu bila kukiharibu. Sentensi tatu: ni nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Kisha usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Kama riwaya ina kurasa 240, lolote linalotokea baada ya ukurasa wa 60 si lako kulisema. Kanuni hii huvunjika mahali pamoja tu, kwenye tahadhari. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni Tanzania, ina ukali wa baba, utoaji mimba, na mtu kujitoa uhai. Msomaji aliyepitia mambo hayo, au aliyezika ndugu kwa namna hiyo mwaka huu, ana haki ya kujua kwamba yamo. Hana haja ya kujua yanampata nani na lini. "Kuna mimba zinazotolewa na kuna kujiua, kama hauko tayari kwa hayo sasa hivi, kiache kwanza" inatosha.

Hivyo hivyo Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi huyo huyo. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini, ni mmoja wa wasimulizi wenye akili kali zaidi katika Kiswahili, na ni kitabu kinachoingia kichwani na kukaa. Ukikisoma usiku wiki ambayo mambo yako yameharibika, hakitakusaidia kulala. Mpe mtu aliye na nguvu zake, na mwambie ana kila ruhusa ya kusitisha.

Upande wa Kenya kuna mtego mwingine. Karibu kila riwaya nzuri iliwahi kuwa kitabu teule, yaani cha mtihani: Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri. Mtu akisikia jina anakumbuka maswali ya "fafanua sifa tano za mhusika". Kwa hiyo usimpe kile alichofanyia mtihani; mpe cha kizazi kingine. Aliyemaliza kidato cha nne wakati wa Kidagaa atafurahia Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), habari za Maimuna, binti anayefungiwa ndani na baba mwenye cheo hadi siku anapoufungua mlango mwenyewe. Aliyefanyia mtihani Utengano, mpe Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Nimeona hata walimu wakirudia kitabu cha zamani cha mtihani baada ya miaka ishirini na kushangaa kwamba kumbe kinachekesha. Lakini huko mtu huenda mwenyewe, hasukumwi na mtu.

Sasa, ujumbe wenyewe. Mapendekezo mengi hupita kwenye simu, na mengi huwa picha ya jalada na maneno "kizuri sana hiki". Msomaji hawezi kufanya lolote na "kizuri sana". Linganisha na huu, kwa shangazi apendaye taarabu na michezo ya redio:

"Shikamoo shangazi. Nimekuwekea Siku Njema, ya Ken Walibora. Kijana wa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarabu, anaondoka kumtafuta baba yake mpaka Kitale, na anasimulia mwenyewe. Mwanzoni kuna huzuni nyingi, usiishie hapo, safari yenyewe ndiyo tamu. Maandishi ya nakala hii ni madogo, soma mchana. Akishaanza safari kama bado hakijakushika, nirudishie tu, ninacho kingine."

Kila sentensi pale ina kazi. Jina na mwandishi, kwa ajili ya dukani. Nani na anataka nini. Mahali ambapo wengi hukata tamaa, ametajiwa kabla hajafika, kwa hiyo akifika atajua si yeye aliye mvivu. Hali ya nakala. Na mwisho ruhusa ya kukataa, ikiwa na alama yake: akishaanza safari. Ruhusa isiyo na alama haimfai mtu. Ataendelea kwa ajili ya adabu na kukichukia kitabu, au ataacha kwa aibu na kukukwepa wewe.

Kushirikisha unachokisoma sasa hivi, kabla hujamaliza, kuna kanuni zake tofauti kidogo. Taja ulipo: "niko ukurasa wa 80 kati ya 250." Aliyekisoma atajua asikuharibie, ambaye hajakisoma atajua uamuzi wako bado ni mbichi. Sema kinachokushika na kinachokuudhi, vyote. Mtu anayesifu kila kitabu anachokishika hasikilizwi kufikia cha nne. Ukiweka picha ya ukurasa, mistari mitano au sita inatosha kuonyesha mkono wa mwandishi. Kupiga picha sura nzima au kusambaza PDF ya kitabu kinachouzwa ni jambo jingine, na waandishi wa Kiswahili wanaopata riziki kwa mauzo ni wachache mno kuvumilia ukarimu wa aina hiyo.

Halafu weka picha ya pili: ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya jina la kitabu. Muuza vitabu huujali kuliko jalada, kwa sababu jalada hubadilika kila chapa. Pale kuna mchapishaji, mwaka, na namba ya ISBN. Tangu 2007 namba hiyo ina tarakimu 13 na huanza na 978. Baada yake, 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Kitabu chenye 9987 ukikitafuta Nairobi na kukikosa, unajua wa kuulizwa ni mchapishaji wa Dar es Salaam. Kwa ndugu aliye Muscat, London au Minneapolis, vitabu kadhaa vya Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam, vinapatikana kupitia African Books Collective, ambao huchapa nakala kwa oda. Bei haitakuwa ya mtaa wa Samora, Dar es Salaam, lakini hakuna wa kumbembelezea mzigo.

Jina kamili la mwandishi si mapambo. Angalia vitabu hivi: Dunia Mti Mkavu, Dunia Uwanja wa Fujo, Duniani Kuna Watu, Dunia Yao. Cha kwanza na cha mwisho ni vya Said Ahmed Mohamed, cha pili cha Kezilahabi, cha tatu ni Bwana Msa. Mtu akienda dukani na "kile cha dunia" anaweza kurudi na kitabu kigumu kuliko vyote vinne. Waandishi wenyewe hawasaidii: Muhammed Said Abdulla, Said Ahmed Mohamed, na Mohammed Suleiman Mohammed wa Kiu na Nyota ya Rehema, wote Wazanzibari, wote wazuri, watatu tofauti. Adam Shafi naye utamkuta kwenye majalada mengine kama Shafi Adam Shafi.

Mtego mkubwa zaidi dukani ni mwongozo. Kila kitabu teule kina mwongozo wake, umechapwa kwa jalada linalofanana, jina la riwaya limeandikwa kwa herufi kubwa na neno "Mwongozo wa" kwa herufi ndogo juu yake. Mtu anamtuma kijana, kijana analeta mwongozo, na msomaji anafungua ukurasa wa kwanza anakuta muhtasari wa hadithi yote pamoja na mwisho wake. Katika ujumbe wako andika wazi: "riwaya yenyewe, si mwongozo." Ukitafuta mtandaoni ndiyo zaidi, matokeo ya mwanzo mara nyingi ni miongozo na maswali ya mtihani.

Vitabu vya mitumba vya kando ya barabara ni msaada mkubwa kwa mfuko, lakini vikaguliwe kabla ya kumpelekea mtu kama zawadi. Fungua kurasa za mwisho kwanza, maana ndizo hudondoka. Kisha angalia namba za kurasa pale gundi inapoonekana kuachia. Vitabu vingi hukusanywa kwa mikunjo ya kurasa 16 au 32, na mkunjo ukitoka hutoka wote, kwa hiyo pengo huwa kubwa, kutoka 96 unaruka hadi 129. Pitisha macho pembezoni. Nakala za wanafunzi zimeandikwa kwa kalamu, na kalamu hizo hazina siri: utakuta mbele ya jina la mhusika, sura ya pili, "anakufa uk. 143". Nakala ya wizi utaijua kwa herufi zenye ukungu wa kijivu, mistari iliyopinda kuelekea mgongoni, na jalada ambalo rangi zake zimepauka ilhali karatasi ni mpya.

Ushairi haupendekezwi kwa diwani nzima. Pendekeza shairi moja, tena ulisome kwa sauti na kulituma kama sauti. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) iliandikwa gerezani Kamiti, na mtu akijua hilo na kusikia beti tatu, atatafuta kilichobaki mwenyewe, hata Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kikimpa kazi. Anayeogopa vina na mizani aanzie Kichomi ya Kezilahabi. Tamthiliya nazo zisomwe na watu wawili, mmoja akichukua sauti za upande mmoja. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inamalizika jioni moja kwa njia hiyo. Kwa nyumba yenye watoto wa rika tofauti, Hekaya za Abunuwasi bado hazijapata mpinzani: kila hekaya ni dakika chache, na mdogo hacheki nyuma ya mkubwa.

Ukiazima kitabu chako, andika jina lako ukurasa wa kwanza na tena ukurasa mmoja wa ndani unaoujua wewe tu. Andika kwenye simu: kitabu, nani, tarehe. Mpe muda, wiki tatu kwa riwaya ya kurasa 200. Kwa kurasa 20 kwa siku ni siku kumi, zilizobaki ni za wageni na umeme. Baada ya wiki mbili uliza "umefika wapi?", usiulize "umemaliza?". Swali la kwanza lina jibu hata kwa aliyekwama, na jibu lake ndilo utakalotumia kuchagua kitabu kinachofuata. Aliyekwama kwa lugha katika Utengano asogezwe Siku Njema. Aliyechoshwa na huzuni apelekwe kwa Bwana Msa.

Na aliyemaliza? Kutoka Vuta n'kuvute njia ni nyepesi, kwa Adam Shafi huyo huyo: Kuli (1979), yenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa 1948, kisha Kasri ya Mwinyi Fuad. Kutoka Bwana Msa, Kisima cha Giningi. Kwa Shaaban Robert, sasa ndiyo, lakini kwa utaratibu: Kusadikika ni kesi moja inayobeba safari za wajumbe sita, kwa hiyo msomaji achukue mjumbe mmoja kwa kikao, jioni sita. Kutoka Rosa Mistika nenda Dunia Uwanja wa Fujo, halafu Gamba la Nyoka, na Kichwamaji siku yake ikifika. Nagona (1990), nayo ya Kezilahabi, ni nyembamba na kwa sababu hiyo watu huibeba kwanza. Iache ya mwisho, na ukimpa mtu mwambie aisome mara mbili mfululizo, mara ya kwanza bila kujaribu kuelewa.